Uzi: Kuchora Lamu kutokana na picha za safari. Mwanga, upepo, maji na kanvasi

BrashiLangoni

Assalam aleikum wadau. Michoro mingi ya Lamu tunayoiona sasa imeanzia kwenye simu. Mchoraji anazunguka vijiji vya Shela na Matondoni na vichochoro vya mtaa wa Mkomani, anarudi na mamia ya picha, kisha anakaa kuchora nyumbani. Si vibaya hata kidogo. Lakini kasoro ni zilezile kila mara: kivuli cheusi tii, ukuta wa chokaa mweupe pe usio na rangi ndani yake, mlango unaolala nyuma, tanga limejaa huku na bendera inapepea kule. Naomba tuweke hapa maelezo ya kazi yenyewe, kwa vipimo, ili anayeanza mfululizo wa michoro ya safari apate pa kushika.

Naanza na kamera, maana makosa mengi huzaliwa hapo.

Lenzi ya kawaida ya simu ni pana. Inakuza kilicho karibu na kukirudisha mbali kilicho nyuma. Simama hatua mbili kutoka kwenye mlango wa nakshi, uinue simu ili upate fremu ya juu yote: kizingiti cha chini kitanenepa, nakshi za juu zitakonda. Miimo ya mlango nayo itainamiana. Kwa hiyo rudi nyuma, tumia ukuzaji wa mara 2, na simu isimame wima bila kuinama. Kwenye uchochoro usio na pa kurudi, piga hivyohivyo, lakini ukifika kwenye kanvasi usifuate miimo ya picha. Tungika timazi, uzi wenye kijiwe unatosha, na mistari yote ya wima uichore kwa kufuata uzi huo. Kuta za Lamu nyingine zimeinama kweli kwa uzee, basi hilo uliandike ukiwa palepale: ukuta upi, umeinamia wapi.

La pili ni mwanga. Chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya uchochoro, simu hukuchagulia: ama ikuonyeshe kilichomo gizani na mwisho wa uchochoro uungue uwe mweupe mtupu, ama mwisho uonekane na chini ya wikio kuwe shimo jeusi. Jicho lako pale lilikuwa linaona vyote viwili. Piga tatu bila kusogea: gusa kioo penye jua, piga, gusa penye kivuli, piga, gusa katikati, piga. Ya kwanza itakupa rangi za mbingu na ukuta wenye jua, ya pili itakupa boriti za dari ya wikio na madoa ya ukutani. Mpangilio wa HDR, ule wa simu unaounganisha picha za mwanga tofauti, uzime, kwa sababu unainua vivuli vyote vikaribiane na mwanga, na uchochoro bila tofauti hiyo unakuwa bapa.

La tatu, daftari. Saa ngapi, upepo unatoka wapi, maji yanajaa au yanapwa, na kivuli cha ukuta kina rangi gani machoni pako. Mistari minne inatosha. Ukiacha saa, picha haitakupa hata kimoja kati ya hivyo kwa uhakika.

---

Nakshi_Mkomani

Hapo kwenye daftari naongeza mfano wa zamani. Mchoraji Mfaransa Delacroix alikwenda Morocco mwaka 1832, kabla picha za kamera hazijatangazwa duniani mwaka 1839. Alichokibeba ni madaftari: michoro ya haraka kwa kalamu na rangi za maji, na pembeni akiandika kwa maneno rangi ya kanzu, ya ukuta, ya kivuli. Mwaka 1834 akaonyesha mchoro wake wa wanawake wa Algiers, na mada za safari ile akaendelea kuzichora hadi miaka ya mwisho ya maisha yake, alifariki 1863. Kamera ilipokuja hakuikataa, alitumia picha za watu studioni katika miaka ya 1850. Lakini rangi alikuwa nazo kwenye maandishi.

Maandishi ya rangi yawe ya kulinganisha, si majina matupu. "Kivuli: buluu" hakitakusaidia baada ya miezi miwili. Andika "kivuli cha ukuta ni kizito kuliko mchanga wenye jua, buluu juu, chini karibu na ardhi kinageuka asali." Hapo una mchoro.

---

OmoNaShetri

Mimi nitasema vyombo vya baharini tu, kwa sababu hapo ndipo wachoraji wa picha wanaponiumiza.

Mlingoti wa jahazi haukusimama wima. Umeinamia mbele, kuelekea omo. Mchoraji akinyoosha au, vibaya zaidi, akiulaza kuelekea shetri, yaani nyuma, chombo kinageuka boti ya Ulaya hata kama tanga ni letu. Kwenye picha iliyopigwa kwa mbele au kwa nyuma, mwinamo huo hauonekani, na ndiyo maana wengi huusahau. Piga picha ya ubavu kwa kila chombo unachotaka kukichora, hata kama mchoro wako utakuwa wa pembe nyingine.

Foromali, boriti inayobeba tanga, haiwi juu ya mlingoti kama paa, inapita ubavuni mwake. Kwa hiyo tanga liko upande mmoja wa mlingoti, na mlingoti ama unafunikwa na tanga ama unaonekana mbele yake, kutegemea wewe uko upande gani. Foromali ndefu huwa imeungwa kwa vipande vilivyofungwa kamba, na viungo hivyo vinaonekana. Ukiichora fimbo moja laini, mtu wa Matondoni, kwao mafundi wa majahazi, atajua hukuitazama. Henza, kamba ya kupandishia foromali, inatoka juu ya mlingoti kushuka nyuma. Demani, kamba ya kuongozea tanga, inatoka pembe ya chini ya tanga kwenda shetri, na ikiwa tanga limejaa upepo lazima demani iwe imekazika. Demani iliyolegea na tanga lililotuna ni vitu viwili visivyokaa pamoja.

Upepo sasa. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kuanzia Aprili mpaka Septemba, na katikati yake ndiyo nguvu. Watu wanachukua jahazi la picha ya Januari wakaliweka kwenye bahari ya picha ya Julai. Matanga yanajaa upande mmoja, minazi ya Shela imelalia upande mwingine, mabuibui ya wanawake gatini yanapepea upande wa tatu. Chagua upepo mmoja. Chora mshale mdogo kwa penseli kwenye pembe ya kanvasi kabla hujagusa rangi, na kila kitu kinachopepea kitii mshale huo: tanga, moshi, majani, nguo, viwimbi.

Na maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hupwa sana kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa kuelekea saa kumi, kumi na moja jioni. Kwa hiyo mwezi mpevu ukichomoza juu ya kisiwa cha Manda jioni, bahari iwe bado juu, ndiyo kwanza imeanza kupwa. Mwezi mpevu juu na mashua zimelala ubavu kwenye tope chini yake, kwa saa hiyo, haipo. Baharia hataelewa unaongea nini. Vilevile usichanganye ngazi za gati zilizo wazi mpaka chini, zenye mwani, na vyombo vinavyoelea usawa wa ukuta.

---

BintiShela

Shukran Bwana Omo. Swali langu ni la watu. Ukiwa na picha nzuri ya gati lakini tupu, na watu wazuri kwenye picha nyingine, unawaunganishaje bila waonekane wamebandikwa?

---

BrashiLangoni

Dada BintiShela, mambo mawili: mstari wa macho na kivuli.

Mstari wa macho ni kimo cha kamera pale ilipopigwa, na baharini unauona wazi, ni ule mstari ambapo maji yanakutana na mbingu. Kama ulipiga umesimama na simu iko usoni, basi watu wazima wote waliosimama kwenye ardhi tambarare, walio karibu na walio mbali, vichwa vyao vinafika kwenye mstari huo au karibu yake. Miguu ndiyo inayopanda na kushuka kulingana na umbali. Kama simu ilikuwa kifuani, mstari unawakata wote kifuani. Mtu unayemleta kutoka picha nyingine mpandishe au mshushe ukubwa hadi mstari umkate mahali palepale wenzake wanapokatwa. Picha iliyopigwa kutoka barazani au ghorofani haichanganyiki na ya barabarani, iache.

Kivuli kinapimika. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda karibu wima, takriban digrii 15 kwa saa. Linachomoza kama saa kumi na mbili na robo, na miezi mingine huchelewa kidogo. Saa moja baada ya kuchomoza kivuli cha mtu kwenye tambarare ni kama mara 3.7 ya urefu wake. Baada ya saa mbili ni mara 1.7 hivi, baada ya saa tatu kivuli kinalingana na mtu mwenyewe. Ni hesabu ya kukadiria, kwa mchoro inatosha. Mtu wako wa pili akiwa na kivuli cha nusu ya kimo chake na wa kwanza kivuli cha mara tatu, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

Halafu mwelekeo. Adhuhuri ya Juni jua liko upande wetu wa kaskazini, vivuli vinaangukia kusini. Adhuhuri ya Desemba ni kinyume. Uchochoro uleule, saa ileile, miezi tofauti, ukuta wenye jua unabadilika. Na mbele ya mji wa Lamu inatazama mashariki, kuelekea Manda: mwanga wa jua kwenye nyumba za mbele ni wa asubuhi. Jua la magharibi linapiga mgongo wa mji, na mbele panakuwa kivulini. Ukitaka nyumba za gati ziwe dhahabu, hiyo ni asubuhi, na rangi ya maji iwe ya asubuhi.

---

RangiZaPwani

Naingia kwenye uchanganyaji. Iwe rangi ya akriliki, ile ya plastiki inayolegezwa kwa maji, au rangi ya mafuta, hesabu ni ileile.

Usinunue nyeusi kwa ajili ya vivuli vya Lamu. Changanya ultramarini (buluu nzito) na siena ya kuchoma (kahawia nyekundu), tatu kwa mbili, utapata giza lenye uhai. Ukiongeza siena linaelekea kwenye mbao za mlango, ukiongeza ultramarini linaelekea chini ya wikio.

Ukuta wa chokaa kivulini: sehemu 8 za nyeupe ya titani, 1 ya ultramarini, nusu ya siena ya kuchoma. Huo ndio msingi. Juu ya ukuta, panapoona mbingu, ongeza ultramarini kidogo. Chini, kimo cha goti kwenda chini, ongeza oka ya njano, kwa sababu ardhi yenye jua inarusha mwanga wake ukutani. Mgeuko huo kutoka buluu kwenda asali ndio unaofanya ukuta uonekane uko Lamu na si popote. Kamera inaufuta, inapatanisha rangi zote mbili zikawa kijivu. Ukuta wenye jua: nyeupe 20 kwa oka 1. Nyeupe tupu iweke akiba kwa sehemu moja au mbili tu, ukingo wa baraza au kofia.

Bahari iliyo mbele ya mji wa Lamu si feruzi ya kadi za posta. Maji yanatoka kwenye mikoko na tope, hasa yakipwa, na rangi yake ni kijani cha zeituni kilichofifia: oka, ultramarini, nyeupe, na siena chembe. Feruzi iko nje, upande wa Shela mchanga unapokuwa mweupe chini ya maji ya kina kifupi. Simu huongeza rangi hiyo kila mahali ili picha ipendeze.

Usichanganye rangi ukitazama kioo cha simu chenye mwanga unaojibadilisha. Zima mwanga wa kujirekebisha, zima hali ya usiku inayotia manjano, weka kiwango kimoja hadi kazi iishe. Na studio za kuchapisha hutia ubuluu mara nyingi. Karatasi itumie kwa maumbo, rangi uchukue kwenye daftari.

---

Nakshi_Mkomani

Kuhusu kuhamisha umbo: vipimo vinavyokaa vizuri ni karatasi ya sentimita 24 kwa 18 na kanvasi ya 60 kwa 45. Zote mbili ni uwiano wa nne kwa tatu, sawa na picha ya simu. Karatasi igawe miraba ya sentimita 2, kanvasi miraba ya sentimita 5, kila upande unapata miraba 12 kwa 9, na karatasi inaingia kwenye A4. Kanvasi za dukani za 60 kwa 40 si uwiano huo. Ukilazimisha utanyoosha jahazi bila kujua. Kata picha kwanza, ondoa juu au chini.

Miraba ichore kwa penseli ngumu, nyepesi sana. Penseli laini ikichanganyika na rangi nyeupe inachafua mbingu yote.

Kabla ya kanvasi kubwa, fanya vijichoro vitatu vya sentimita 12 kwa 9 vyenye viwango vitano tu vya weusi na weupe. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, finya macho, na kila eneo lipe namba kuanzia 1 hadi 5. Kama kijichoro hakisomeki kutoka upande wa pili wa chumba, mchoro mkubwa hautasomeka.

---

TangaKuukuu

Wengi hapa wanachora kwenye matanga yaliyostaafu. Kitambaa ni kizuri, kina viraka na mishono yenye sura yake, lakini kuna mambo matatu yanayoharibu kazi.

Kwanza jua ni pamba au plastiki. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inaungua ikawa majivu, inanuka karatasi, poliesta inayeyuka ikawa kishanga kigumu. Ya poliesta rangi haishiki vizuri, itabanduka ukikunja. Iache kwa mahema.

Pili chumvi. Loweka tanga kwenye maji baridi matamu usiku kucha, mwaga, rudia hadi ukionja maji huonji chumvi tena. Chumvi ikibaki inavuta unyevu wa hewa kila jioni, kitambaa kinalegea na kukaza, na jeso, rangi nyeupe ya kutayarishia kitambaa, inapasuka kwenye mishono kwanza. Mafuta nayo, kama lilipakwa au kumwagikiwa, yatoe kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, kisha suuza sana.

Tatu jeso. Tabaka la kwanza lipunguze kwa maji, kama sehemu moja ya maji kwa kumi za jeso, ulisugulie liingie kwenye nyuzi. La pili na la tatu bila maji, moja kwa mlalo, lingine kwa wima, na msasa namba 220 katikati. Likauke kabisa kabla ya lingine. Msimu wa kaskazi, mchana mmoja unatosha kwa yote. Wakati wa masika subiri siku nzima kwa kila moja.

Misumari ya kushikia kanvasi kwenye fremu iwe ya shaba au isiyoshika kutu. Chuma cha kawaida pwani kitatoa doa la kutu mbele ya mchoro.

---

KijanaWaMatondoni

Kaka, na chokaa yenyewe ya kupakia nyumba haiwezi kuwa jeso? Au rangi ya maji ya ukutani?

---

TangaKuukuu

Chokaa hapana, kaka. Ukutani inashika kwa sababu ukuta haujikunji. Kwenye kitambaa inapasuka ukikizungusha mara moja. Tena ni kali, inaharibu baadhi ya rangi, buluu ya Prussia hasa, inakwisha kabisa.

Rangi ya ukutani inafaa kwa mazoezi. Kwa mchoro wa kuuza hapana: ya bei rahisi ina chaki nyingi na gundi kidogo, rangi ya juu inanyonywa na inakuwa hafifu. Ukitaka kuokoa pesa, nunua marekani (pamba isiyotiwa rangi) ya mita, iloweke kwanza imalize kunywea, ivute kwenye fremu mwenyewe, na pesa uliyookoa itie kwenye jeso ya kweli.

---

BintiShela

Na akriliki inayokauka kabla hujachanganya? Kaskazi ikivuma barazani rangi inakauka kwenye paleti.

---

RangiZaPwani

Dada, chukua sinia yenye ukingo, tandika sponji nyembamba au karatasi za jikoni zilizolowa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi unaiweka juu ya karatasi hiyo. Ukifunika na sinia jingine inakaa hadi kesho. Usiilegeze rangi kwa maji mengi, zaidi ya theluthi hivi gundi yake inadhoofika na itatoka unga ukiifuta. Na ukianza kwa akriliki, unaweza kumalizia kwa mafuta juu yake. Kinyume chake usithubutu, itabanduka.

---

SheriaNaSanaa

Jambo la haki. Picha uliyopiga mwenyewe ni yako. Picha ya mtalii uliyoipata mtandaoni ni ya aliyepiga, na kuigeuza mchoro hakuifanyi yako. Kenya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda picha kwa miaka 50, na mchoro kwa muda wa uhai wa msanii pamoja na miaka 50. Mwandikie mwenye picha, taja kanvasi ngapi na kama utachapisha nakala, na jibu lake lihifadhi.

Sheria ya mji ni nzito vilevile. Mtu aliyekaa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni mwa nyumba yake, si mandhari. Salimu, omba, na ukikataliwa funga simu. Wanawake na watu wanaotoka swala usiwapige kwa siri ukitegemea kwamba utabadilisha sura kwenye kanvasi. Ukikubaliwa, mwonyeshe mchoro kabla haujaenda kuuzwa.

---

Nakshi_Mkomani

Niseme pia juu ya kuiacha picha, maana uzi wote umeishika. Mtazameni mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, gamba la mti wa mutuba la Uganda, lenye matundu na mishono yake. Mwaka 2017 alikwenda kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, na michoro iliyotokana na tukio lile ilionyeshwa Venice mwaka 2019. Kuna picha na video nyuma ya kazi hiyo, lakini huwezi kuweka mchoro wake juu ya picha moja vikalingana. Watu wamesogezwa, ukubwa umegeuzwa, na tundu la lubugo limeachwa libaki kwenye mchoro.

Njia moja ya kufanya hivyo kwa kazi ya Lamu: ukishamaliza vile vijichoro vitatu, zima simu. Rangi ya kwanza ya kanvasi nzima iweke kutokana na kijichoro na daftari tu, maeneo makubwa, brashi ya sentimita 5, bila kitu kidogo chochote. Ndipo uwashe simu kwa ajili ya vitu visivyokumbukika: viungo vya foromali, jicho lililopakwa kwenye omo, mpangilio wa misumari ya mlango. Ukianza na simu utaanza na vitu vidogo, na mwanga hautapata nafasi.

---

KijanaWaMatondoni

Maalim Nakshi, nimekupata. Swali la mwisho: mteja yuko mbali, mchoro unasafirishwaje?

---

TangaKuukuu

Akriliki ipe wiki mbili kabla ya vanishi, na vanishi ipakwe asubuhi kavu, umande ukishakwisha, si jioni, la sivyo unyevu unanasa ndani na uso unakuwa na ukungu mweupe. Mafuta yanataka miezi sita au zaidi kabla ya vanishi, na hayaviringishwi kabla hayajakauka mpaka ndani.

Kuviringisha: bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, upande wa rangi uwe NJE. Watu wanauficha ndani wakidhani wanaulinda, kumbe ndani rangi inabanwa na kupata mikunjo. Nje inavutwa kidogo tu, na ikinyooshwa inarudi. Juu ya rangi tandika karatasi ya kuokea. Nailoni usitumie, akriliki inalainika kwa joto na itaishika, na kwenye boti la kuvuka kwenda Mokowe, bara, saa saba mchana joto lipo. Funga kwa utepe wa kitambaa, tia ndani ya bomba la pili, ziba ncha zote mbili, na andika nje upande wa kuanzia kufungua.